Mashine ya betri ya kupuliza majani: Tazama uwanja kabla ya kutazama bei

KUFAGIA uwanja alfajiri ni miongoni mwa kazi za kwanza katika nyumba nyingi za mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa ufagio wa chelewa, reki, na maji kidogo ya kunyunyiza ili vumbi lisipande.

Zana nyingine inayoweza kufanya sehemu ya kazi hiyo ni mashine ya kupuliza majani inayotumia betri ya kuchaji. Umbo lake ni bomba lenye feni ndani, na upepo wake husukuma majani makavu hadi yakusanyike mahali pamoja.

Mashine ya aina hii haihitaji petroli wala waya mrefu wa kuburuta kutoka sebuleni. Huwaka kwa kubonyeza kitufe, na mtu asiye na nguvu nyingi anaweza kuitumia bila kuinama.

Hata hivyo, mashine hizo zimebuniwa hasa kwa ajili ya nyumba zenye nyasi, njia za zege na maegesho yaliyosakafiwa. Viwanja vingi vya nyumba za Babati ni vya udongo mtupu. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza mnunuzi kabla hajauliza bei, kwani mashine nzuri katika uwanja mmoja yaweza kuwa hasara katika uwanja wa jirani.

Chini ya majani kuna nini?

Upepo wa mashine hauchagui. Nguvu inayotosha kuinua jani la mwembe lililokauka inatosha pia kuinua vumbi, mchanga na tabaka jembamba la udongo wa juu.

Katika uwanja uliowekwa vitofali vya zege au saruji, jambo hilo ni faida, kwa kuwa vumbi na vijani vilivyojibana kwenye nafasi za vitofali hutoka pamoja. Katika uwanja wenye ukoka uliofunika ardhi vizuri, mizizi hushika udongo na majani pekee ndiyo huondoka.

Katika uwanja wa udongo, matokeo ni kinyume. Kati ya Juni na Oktoba, wakati mvua zimekatika na ardhi imekauka, mashine itatengeneza wingu la vumbi litakaloingia madirishani, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye vifua vya watoto. Mwenye pumu au kikohozi cha muda mrefu hapaswi kuwa karibu.

Aidha, udongo unaopeperushwa kila wiki haurudi. Dalili zake huonekana baada ya muda: mizizi ya miti hubaki nje, msingi wa nyumba huanza kuonekana, na mvua zinapoanza, maji huchimba vijifereji kwenye uwanja ulioachwa mtupu.

Wakazi wa ukanda huu wanalifahamu somo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Katika Wilaya jirani ya Kondoa, mmomonyoko ulifikia hatua ya Serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi. Uwanja wa nyumba ni mdogo, lakini kanuni ni ile ile: ardhi isiyofunikwa huondoka.

Kwa hiyo, mwenye uwanja wa udongo atafaidika zaidi kwa kununua reki nzuri, kubaki na ufagio wake, na kutumia fedha zilizosalia kupanda ukoka au kuweka vitofali sehemu inayopitwa sana. Mashine inaweza kufuata baadaye.

Miti na aina ya majani

Baada ya ardhi, litazamwe jani lenyewe. Vijani vidogo vya jakaranda na mwarobaini hupita katikati ya meno ya reki na hujificha kwenye nyufa za saruji. Hapo mashine ya kupuliza huonyesha ubora wake, hata ikiwa ndogo.

Majani ya mwembe na mparachichi ni makubwa na mazito zaidi, nayo huhitaji mashine yenye nguvu. Majani ya mgrevilea, mti unaopandwa sana kwa kivuli na mbao, yana umbo la manyoya na hufungamana, hivyo reki huyakusanya kwa urahisi.

Majani yaliyolowa ni habari nyingine. Wakati wa mvua hushikamana na ardhi, na mashine ya betri humaliza chaji kabla ya kazi kwisha. Ni vyema kusubiri yakauke.

Kusoma namba za upepo

Kwenye boksi mnunuzi atakuta namba mbili zinazotangazwa kwa herufi kubwa. Ya kwanza ni kasi ya upepo, kwa kilomita kwa saa au mita kwa sekunde. Ya pili ni wingi wa hewa, kwa mita za ujazo au futi za ujazo kwa dakika.

Kasi hubandua jani lililonasa, na wingi wa hewa husukuma lundo liende mbele. Mashine yenye kasi kubwa na hewa kidogo ni kama mtu anayepuliza kwa mrija: vumbi la kwenye kona litatoka, lakini lundo halitasogea.

Kipimo kinachounganisha mambo hayo mawili ni nguvu ya msukumo, inayotajwa kwa newtoni. Mashine nyingi ndogo za volti 18 huwa chini ya newtoni 15, kiasi kinachotosha baraza, njia na maegesho ya gari moja au mawili. Uwanja mpana wenye miembe mikubwa utahitaji zaidi ya hapo. Mashine zikilinganishwa kwa newtoni, ni vigumu kudanganywa na namba moja kubwa.

Betri ndiyo mali

Katika kifaa hiki, betri ndiyo sehemu ghali inayochakaa. Mnunuzi makini hununua betri kwanza, na mashine huja kama kiambatisho chake.

Uwezo wa betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa juu yake. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Ikiwa mashine hutumia wati 300, betri hiyo itadumu dakika 14 hivi. Ikiendeshwa kwa nguvu ya wati 600, itakwisha ndani ya dakika 7.

Hesabu hiyo fupi ifanywe dukani. Muda mrefu unaotangazwa kwenye boksi mara nyingi ni wa mwendo wa chini kabisa, ambao hauwezi kusogeza majani ya mwembe.

Vilevile, maandishi ya "volti 20" yasimbabaishe mnunuzi. Betri za lithiamu za aina hiyo zina viini 5 vilivyofuatana, na kila kimoja huhesabiwa kuwa na volti 3.6, yaani jumla 18. Kikiwa kimetoka kwenye chaja, kila kiini huwa na volti 4 au zaidi kidogo, ndipo inapopatikana 20. Betri hizo mbili ni za daraja moja.

Jambo jingine ni ulinganifu. Betri ya Makita haiingii kwenye mashine ya Bosch wala ya DeWalt. Fundi seremala au fundi umeme ambaye tayari ana drili ya kuchaji anaweza kununua mwili wa mashine pekee wa kampuni hiyo hiyo, wenye volti zile zile, akatumia betri alizonazo. Mara nyingi huo ndio ununuzi wenye nafuu kuliko wote.

Betri hudumu mara mia kadhaa za kuchajiwa, lakini joto huifupishia maisha. Isiachwe ndani ya gari lililo juani au chini ya bati. Iliyotoka kazini ikiwa ya moto ipumzishwe kwanza ndipo ichajiwe, na ikikaa miezi bila kazi ihifadhiwe ikiwa na chaji nusu. Betri iliyovimba, kupasuka au kuingia maji isichajiwe tena, kwa kuwa inaweza kushika moto.

Chaja na umeme wa nyumbani

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huja na chaja za volti 120. Chaja ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja ukutani huungua, na inaweza kuleta madhara makubwa zaidi.

Anayeletewa mashine na ndugu aliye ng'ambo, au anayenunua mtumba, asome kibandiko cha chaja. Kikionyesha volti 100 hadi 240, inafaa. Kikionyesha 120 pekee, atafute chaja nyingine ya kampuni hiyo inayokubali volti za hapa.

Gharama ya umeme wenyewe ni ndogo. Uniti moja ni wati-saa 1,000, hivyo inatosha kuchaji betri ya wati-saa 72 zaidi ya mara 10, hata baada ya kuhesabu upotevu wa kwenye chaja. Anayehofia kukatika kwa umeme awe na desturi ya kuchaji siku moja kabla ya kazi.

Kelele, macho na majirani

Mashine za betri zina kelele ndogo kuliko za petroli, na hazitoi moshi. Kelele na moshi ni miongoni mwa sababu zilizofanya Jiji la Washington, nchini Marekani, kupiga marufuku mashine za petroli za aina hiyo kuanzia Januari 2022.

Hata hivyo, kelele ndogo si ukimya. Baadhi ya kampuni huandika desibeli zilizopimwa umbali wa mita 15, ilhali sikio la mtumiaji liko karibu kabisa na feni. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kuwa kikomo cha saa 8 kwa siku, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo na vinafaa kuvaliwa.

Miwani ya kinga na barakoa navyo ni vya lazima, kwa kuwa kokoto inayoruka haitoi taarifa. Watoto na mifugo wakae mbali, na bomba lisielekezwe kwa jirani wala barabarani. Saa za alfajiri, ambazo ufagio huzitumia bila kumwamsha mtu, si saa za mashine hii.

Kukagua kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe mashine iwashwe. Aishike kwa mkono mmoja kwa dakika 2 au 3 ikiwa na betri yake, kwani nyingi huwa na uzito wa kilo 2 hadi 4 na mkono huchoka upesi. Asikilize kama feni inagongagonga au kutetemeka, na ajaribu mwendo wa chini na wa juu.

Mota zisizo na vipande vya kaboni vinavyosuguana hutumia chaji vizuri na hudumu zaidi, ingawa bei yake huwa juu. Swali la muhimu zaidi ni kama betri ya ziada na chaja hupatikana Babati, au angalau Arusha, umbali wa takriban kilomita 170. Mashine ambayo betri yake haipatikani itakuwa pambo stoo.

Risiti ya EFD na hati ya dhamana vidaiwe hapo hapo. Betri bandia huandikwa ampea-saa nyingi ilhali ni nyepesi kupita kawaida, na mwenye shaka anaweza kuwasiliana na Tume ya Ushindani, FCC, au Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Majani yaende wapi?

Mashine husogeza majani, haiyamalizi. Kuyasukumia mtaroni ni kuziba njia ya maji kabla ya mvua za Novemba, na kuyachoma ni kurudisha moshi ambao betri ilikusudiwa kuuepuka.

Yakirundikwa pembeni, yakachanganywa na mabaki ya mboga na kunyunyiziwa maji, huwa mboji. Yakitandazwa chini ya migomba au miparachichi, hutunza unyevu na kuukinga udongo dhidi ya jua na matone ya mvua.

Kwa muhtasari, mwenye uwanja wa vitofali, saruji au ukoka, mwenye miti inayopukutisha mara kwa mara na mwenye betri za kampuni fulani tayari, atapata thamani ya fedha zake. Mwenye uwanja wa udongo abaki na ufagio na reki kwa sasa, aanze kwa kuifunika ardhi yake. Siku ukoka utakaposhika, mashine itakuwa bado ipo madukani.