Mlango Wazi Hautoshi: Funzo la Chuo cha Hostos

Wako wasemao kwamba mtoto wa kabwela akiacha chuo kabla ya kumaliza, kosa ni lake: hana akili, au hana bidii. Sisi tunaikataa fikra hiyo. Historia ya vyuo vya jamii vya Marekani yaonyesha kwamba kubaki kwa mwanafunzi chuoni hutegemea sana mwalimu, na hali ya kazi ya mwalimu huyo.

Mwaka 1969 wanafunzi Weusi na wenye asili ya Puerto Rico waligoma katika City College, New York, wakidai Chuo Kikuu cha Jiji kiwapokee watu wao. Mwaka 1970 milango ikafunguliwa kwa kila aliyehitimu sekondari ya jiji. Mwaka huohuo Chuo cha Jamii cha Hostos kilianza kufundisha South Bronx, mtaa wa wafanyakazi maskini, ambao wengi walizungumza Kihispania. Walimu hawakuwarudisha nyumbani wajifunze Kiingereza kwanza. Waliwafundisha masomo kwa Kihispania huku wakijifunza Kiingereza.

Mwaka 1975 jiji lilikaribia kufilisika, na matumizi ya umma yakakatwa. Mwaka 1976 Chuo Kikuu kikaanza kutoza ada, walimu wengi wakaachishwa kazi, na ikapangwa Hostos kiunganishwe na chuo kingine. Walimu, wanafunzi na wakazi wakaandamana pamoja na kuyakalia majengo. Chuo kikaokoka.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu hichohicho kilianzisha mpango wa ASAP. Mwanafunzi alipewa mshauri wa karibu, nauli, na nafuu ya ada. Uchunguzi uliolinganisha makundi mawili ulionyesha kwamba baada ya miaka 3 asilimia 40 ya waliosaidiwa walihitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Akili zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni malezi.

Hata hivyo, walimu walio wengi wa vyuo vya jamii Marekani huajiriwa kwa muda tu, na baadhi yao huzunguka vyuo viwili vitatu wakitafuta riziki. Mwalimu kibarua atapata wapi nafasi ya kumwuliza mwanafunzi kwa nini jana hakuonekana?

Basi ndugu, tunapowahesabu walioacha masomo, tuanze kwa kuuliza: walikuwa na mwalimu aliyewajua kwa majina? Na mwalimu huyo, nani alimpa wakati wa kuwajua?