Sinclair: Jina la Normandy lililofika Mnazi Mmoja

Mwaka 1871, karne nzima kabla ya treni ya chini ya ardhi kufika Vårby gård, kusini mwa Stockholm, ilifukuliwa huko hazina ya fedha ya karne ya 10. Ndani yake mlikuwa na mapambo ya mikanda pamoja na dirhamu za Kiarabu zilizogeuzwa vidani. Leo imewekwa katika Makumbusho ya Historia mjini Stockholm. Ni mali ya zama za Waviking, wale waliofuata mito ya Urusi kwenda kufanya biashara mashariki. Wenzao walielekea magharibi, wakaisumbua Ufaransa mpaka mfalme Charles akasalimu amri.

Mwaka 911, katika kijiji cha Saint-Clair-sur-Epte, Charles alimkatia kiongozi wao, Rollo, ardhi kwenye mdomo wa mto Seine ili aache kupora. Hiyo ndiyo Normandy. Kijiji kilibeba jina la mtawa Clair, ambaye husimuliwa kuwa alizaliwa Uingereza. Vijiji vyenye jina lake Normandy si kimoja, na wasomi wanabishana ni kipi kilichozaa ukoo wa Saint-Clair. Baada ya William, mtawala wa Normandy, kuiteka Uingereza mwaka 1066, makabaila wa Kinormani walitapakaa, na wenye jina hilo wakapata ardhi Scotland, huko Roslin. Kwa ulimi wa Kiskoti, Saint-Clair ikawa Sinclair.

Mwaka 1379 mfalme Haakon wa Sita wa Norway alimpa Henry Sinclair ubwana wa visiwa vya Orkney. Wazao wa Waviking waliojifunza Kifaransa, kisha Kiskoti, wakawa tena chini ya mfalme wa Skandinavia.

Kutoka hapo jina lilisafiri na askari wa kukodiwa. Katika vita vya Kalmar, mwaka 1612, Waskoti wapatao 300 walipita Norway, iliyokuwa upande wa adui, wakienda kumpigania mfalme wa Sweden. Tarehe 26 Agosti, penye njia nyembamba ya Kringen, wakulima wa Norway waliwavizia wakawamaliza wengi. Kapteni George Sinclair aliuawa. Mkuu wa msafara alikuwa Alexander Ramsay, naye alinusurika, lakini nyimbo na hadithi za Wanorway zikamtwaa Sinclair. Ramsay hata jina lake hakuna anayelikumbuka, na mimi naona hilo ni dhuluma ndogo ya historia.

Sinclair wengine walifika Sweden salama wakaingizwa katika Riddarhuset, nyumba ya makabaila mjini Stockholm. Mmoja wa wazao wao, Meja Malcolm Sinclair, alitumwa kwa Waturuki. Juni 1739, akirudi na barua za serikali, maofisa wa Urusi walimkamata Silesia wakamuua. Anders Odel akatunga utenzi wa beti 90 juu ya kifo hicho, watu wakauimba kila pembe, na hasira ile ikawasaidia wanasiasa waliokuwa wakitafuta sababu ya kupigana na Urusi. Vita vilianza 1741, na Sweden ikashindwa vibaya.

Sisi tunamjua Sinclair mwingine. Ukipita Mnazi Mmoja, Unguja, utaliona jengo jeupe lenye kuba na madirisha ya nakshi, la pembe sita, ambalo mgeni hudhani ni msikiti. Ni Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kama makumbusho ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mchoraji wake ni John Houston Sinclair, afisa wa Kiingereza aliyekuwa Rezidenti wa Zanzibar kuanzia 1922. Mahakama Kuu ya Vuga nayo ni kazi yake. Mtawala Mkristo kuwajengea raia zake kwa kuba za Kiislamu ni jambo la kushangaza, ila jengo lenyewe, kusema kweli, linapendeza.

Je, damu yake ilitoka kwa Rollo? Asidhani mtu hivyo. Scotland, mpangaji wa shamba aliweza kuchukua jina la bwana wake, na Jamaika watumwa walipewa majina ya mabwana waliowamiliki. Ndiyo maana kina Sinclair wa huko ni wengi na wengi wao ni weusi. Mwenye ardhi ndiye aliyegawa jina, hata kwa asiye mwanawe.

Sweden yenyewe, mpaka sheria ya majina ya ukoo ya 1901, watu wengi walijiita kwa jina la baba tu, kama sisi. Mwafrika Mashariki akihamia Vårby gård, jina la babu lililo mwisho wa pasipoti yake mara nyingi huandikwa kuwa la ukoo, na watoto hulirithi. Tangu Julai 2017, jina la ukoo lenye watu 2,000 au zaidi laweza kuchukuliwa na yeyote kwa kuomba idara ya kodi. Mjukuu wa Juma akitaka kuwa Andersson, ajaze fomu.