Kietruski: Lugha Inayosomeka Lakini Haieleweki

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiambiwa kwamba ipo lugha ambayo wataalamu huisoma kwa sauti bila taabu lakini hawaielewi vizuri, hudhani mwalimu anatania. Lugha hiyo ni Kietruski, iliyosemwa Italia ya kati kabla Rumi haijawa dola.

Kuhusu asili ya Waetruski, Herodoto alidai walitoka Lidia, katika Uturuki ya leo. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2021 umeonyesha kuwa walikuwa wenyeji. Herufi zao walizipata kwa Wagiriki, ndiyo maana matamshi si tatizo. Tatizo ni maana. Kietruski hakina undugu na Kilatini wala Kigiriki, na maandishi yake, ingawa yanapita 10,000, mengi ni mafupi na ya makaburini: jina la marehemu, wazazi wake, umri wake. Hebu fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kusoma mawe ya makaburi tu! Hata kuomba maji asingeweza.

Andiko refu kuliko yote lilisalimika kwa bahati. Kilikuwa kitabu cha kitani, kikachanwa vipande huko Misri ili kufungia maiti ya mwanamke. Maiti hiyo ilinunuliwa Misri mwaka 1848 na sasa imehifadhiwa Zagreb, Kroatia. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla Jacob Krall hajatambua kwamba maandishi yale ni Kietruski. Ni kalenda ya ibada, yenye maneno yapatayo 1,200 yanayosomeka.

Kaizari Klaudio aliandika vitabu 20 juu ya historia ya Waetruski. Vyote vimepotea, na kwa mwalimu wa lugha hasara hiyo inauma. Watu wenyewe hawakuangamizwa. Walipewa uraia wa Rumi kuanzia mwaka 90 KK, Kilatini kikawa lugha ya sheria na vyeo, na watoto wao wakaacha kusema lugha ya mama.

Hata hivyo mkono wao bado umo katika daftari zetu. Kwa kuwa Kietruski hakikuwa na sauti /g/, gama ya Kigiriki waliitumia kwa /k/, nayo ikawa C. Warumi walipoipokea walikosa herufi ya /g/, wakaiongezea C kijistari. Kijistari hicho tunakiandika kila tunapoandika "Uganda".