Injini inayokula oili: matengenezo kwa mwenye fedha haba London

Gari linapopungukiwa na oili mara kwa mara, ilhali hakuna tone linaloonekana chini yake, mafundi wa Afrika Mashariki husema injini inakula oili. Mjini London kauli hiyo humtia hofu mwenye gari, kwani gharama ya kuifungua injini nzima mara nyingi hupita thamani ya gari lenyewe.

Hata hivyo, si kila injini inayokula oili imefikia mwisho wake. Chanzo chaweza kuwa valvu ndogo ya bei nafuu au sili zilizokauka. Anayefuata utaratibu, akianza na kisichogharimu na kumalizia na kinachogharimu, huweza kuliokoa gari lake.

Thamani ya gari kuukuu

Tangu tarehe 29 Agosti 2023, mitaa yote ya London imo ndani ya eneo la ULEZ, lililoanzishwa katikati ya jiji mwezi Aprili 2019 ili kupunguza uchafuzi wa hewa. Gari lisilotimiza kiwango hutozwa pauni 12.50 kwa siku.

Magari ya petroli hutakiwa kufikia kiwango cha Euro 4, na ya dizeli Euro 6. Kwa kawaida gari la petroli lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2006 husamehewa tozo hiyo, wakati la dizeli la 2012 hulipishwa.

Siku ya tozo huhesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku unaofuata. Mfanyakazi wa hospitali au wa usafi anayekwenda kazini jioni na kurejea alfajiri kwa gari lisilotimiza kiwango hulipa siku mbili, yaani pauni 25 kwa zamu moja.

Ruzuku ya pauni 2,000 iliyotolewa na Meya kwa waliokubali gari lao liharibiwe ilifungwa mwaka 2024. Kwa mwenye kipato kidogo, basi, gari kuukuu la petroli lililosamehewa tozo ni mali ya kutunzwa, hata kama linakula oili.

Kupima kabla ya kutengeneza

Injini zote hutumia oili kidogo. Miongozo ya baadhi ya watengenezaji huruhusu hadi lita moja kwa kilomita 1,000, kiasi ambacho wenye magari wengi wangekiona kuwa kikubwa.

Gari husimamishwa mahali tambarare, injini ikazimwa kwa dakika kadhaa, kisha oili ikajazwa hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia. Idadi ya maili huandikwa, na kipimo hurudiwa kila baada ya maili 300. Katika magari mengi, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita moja.

Kipande cha boksi kikilazwa chini ya gari usiku kucha huonyesha kama oili inavuja. Gasketi ya mfuniko wa valvu ni chanzo cha kawaida cha uvujaji, na kuibadilisha katika injini nyingi si kazi kubwa.

Moshi unasema nini

Moshi wa rangi ya buluu ni dalili ya oili inayoungua. Mweusi huashiria petroli au dizeli iliyozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji ya rejeta yanayoingia katika silinda, ingawa mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni jambo la kawaida.

Wakati moshi unapotoka nao una maana. Buluu inayotoka kwa muda mfupi gari linapowashwa baada ya kulala, au dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, huelekeza kwenye sili za valvu. Buluu inayozidi gari linapovuta kwa nguvu huelekeza kwenye ringi za pistoni. Katika gari lenye tabo, tabo pia hushukiwa.

Kutoonekana kwa moshi si uthibitisho wa uzima. Kifaa cha kusafisha moshi kilichomo ndani ya ekzosi huweza kuuficha kwa muda, huku chenyewe kikiharibiwa na oili hiyo.

Kilicho rahisi kwanza

Kila injini huvujisha gesi kidogo kupita kando ya pistoni hadi kwenye sehemu ya chini yenye oili. Gesi hiyo hurudishwa ikachomwe kupitia valvu iitwayo PCV. Valvu hiyo ikikwama wazi, injini huvuta oili pamoja na gesi. Ikiziba, shinikizo hupanda na kuisukuma oili kupita kwenye sili.

Katika magari mengi ya petroli, PCV ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu, na hubadilishwa kwa dakika chache. Kuiacha bila kuiangalia na kukimbilia kufungua injini ni kupoteza fedha.

Ringi au valvu?

Hatua inayofuata ni kupima msukumo wa hewa ndani ya kila silinda, kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Silinda yenye msukumo mdogo hutiwa kijiko kimoja cha oili, kisha hupimwa tena. Msukumo ukipanda, ringi zimechakaa. Usipobadilika, valvu ndizo za kushukiwa.

Kuna hali moja inayowapotosha wengi: msukumo mzuri, lakini oili bado inaliwa. Ringi ya chini ya pistoni, ambayo kazi yake ni kukwangua oili ukutani mwa silinda, huweza kukwama kwa masizi wakati ringi za juu ni nzima. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE, iliyofungwa katika Avensis na Corolla za miaka ya mwanzo ya 2000, inajulikana kwa tatizo hili, kwani matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake za awali yalikuwa madogo.

Ringi iliyokwama huweza kulegezwa bila kufungua injini. Dawa ya kuyeyusha masizi humiminwa kupitia matundu ya plagi na kuachwa usiku mmoja. Kabla ya plagi kurudishwa, umeme wa plagi na petroli hukatwa, kisha injini huzungushwa ili dawa itoke. Majimaji yakibaki ndani yanaweza kuvunja injini. Baadaye oili hubadilishwa. Dawa hizi hushika moto kwa urahisi, na matokeo hayana uhakika.

Sili za valvu nazo, katika injini nyingi, hubadilishwa bila kuondoa silinda hedi. Fundi husukuma hewa ndani ya silinda ili valvu isianguke wakati springi zimetolewa.

Tofauti na nyumbani

Katika mitaa ya Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road mjini Nairobi au soko la Kisekka mjini Kampala, vipuri vilivyotumika vipo karibu na ujira wa fundi ni mdogo, hivyo kufungua injini huweza kuwa uamuzi wa busara. London gereji hutoza kwa saa, na saa za kazi hiyo ni nyingi.

Kuna pia sheria ya mwaka 2005 inayokataza kutengeneza magari barabarani kwa malipo, isipokuwa gari lililoharibika au kupata ajali likitengenezwa ndani ya saa 72. Anayetengeneza gari lake mwenyewe bila kuwakera majirani hahesabiwi kuwa na kosa. Oili chafu hairuhusiwi kumwagwa kwenye mitaro. Hupelekwa kwenye vituo vya taka vya halmashauri vinavyoipokea.

Hesabu ya mwisho

Gari linalokula lita moja kwa maili 1,000, na kutembea maili 8,000 kwa mwaka, huhitaji lita nane za nyongeza. Makopo mawili ya lita tano huziba pengo hilo, kwa gharama iliyo chini sana ya kufunguliwa kwa injini.

Kuongeza oili huku gari likitumika ni uamuzi halali, mradi kijiti kikaguliwe kila wiki. Injini inayokula oili mara nyingi huuliwa na dereva aliyesahau kuipima, si na ugonjwa wenyewe.

Mpaka wa subira ni ukaguzi wa kila mwaka wa MOT. Gari huanguka likitoa moshi unaoweza kuwazuia wengine kuona, au kifaa cha kusafisha moshi kikiwa kimeondolewa. Dizeli yenye kichujio cha masizi huanguka kwa moshi wowote unaoonekana. Hapo ndipo mwenye gari hulazimika kulinganisha bei ya matengenezo na bei ya injini iliyotumika, au gari jingine.