Cheti cha Kwetu na Cheti cha Ng'ambo



Katika Korbesa, kama kwingineko upande wa Merti, ada ya shule hutoka zizini. Kwa hiyo mzazi anapoulizwa kama mwanawe atafanya mtihani wa taifa au ule wa kimataifa, anaulizwa pia atauza mifugo mingapi. Yafaa basi tujue vyeti hivi vilitoka wapi.

Zamani za ukoloni hapakuwa na uchaguzi. Cheti cha sekondari kilichosifiwa kilikuwa cha Cambridge, na majibu ya vijana wetu yalisafirishwa hadi Uingereza kusahihishwa. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, ili kazi hiyo ihamie huku. Mwaka ule ule vita vya Shifta vilikuwa vyamalizika. Watu wengi wa Isiolo walikuwa wamezuiliwa katika kambi za Merti na Garba Tulla, na mifugo yao mingi imepotea. Hivyo nchi ilianza kujipatia cheti chake wakati sisi tumebaki mikono mitupu. Tanzania ilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1971. Kenya iliunda Baraza lake mwaka 1980, na mtihani wa KCSE ukafanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Hata huo sasa waupisha mtaala mpya.

Diploma ya kimataifa ilianzishwa Geneva mwaka 1968, hasa kwa watoto ambao wazazi wao huhamishwa kikazi kutoka nchi hata nchi. Sisi nasi twahama, lakini twafuata malisho. Diploma hiyo ni njema, na vyuo vikuu vya nchi nyingi huipokea. Ila nafasi zinazogharimiwa na serikali katika vyuo vya Kenya zimegawanywa kwa alama za KCSE, na mwenye cheti cha nje hutakiwa kwanza kukilinganisha na cha hapa.

Basi, mwenye mwana atakayesoma ng'ambo, na ada ipo, asizuiwe. Asiye na njia hiyo asiuze ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya jina la cheti. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Lililo juu yetu sote ni kuona kwamba kila mtoto wa Korbesa, wa kiume na wa kike, anafika darasa la mwisho na kukalia mtihani wake.