Mtafiti, Fanani na Hadhira: Utafiti wa Vyuo Vikuu na Shughuli za Hadhara katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kukubaliana kwamba utungo wa mdomo haukamiliki pasipo hadhira. Fanani hutunga mbele ya watu, nao humwitikia, humkatiza, na pengine humsahihisha papo hapo. Jambo hili hufundishwa katika mihadhara ya mwaka wa kwanza. Hata hivyo ni nadra nadharia hiyo kutumiwa kuzihukumu taasisi zenyewe zinazoifundisha. Maadamu kituo cha utafiti huchukua masimulizi ya watu, hadhira ya kituo hicho ni nani, nayo ina haki gani ya kukatiza? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia historia ya utafiti wa lugha, masimulizi na mambo ya kale katika nchi ya Kwale, tangu Diani na Msambweni hadi Vanga mpakani.

Mwanzo wa historia hiyo ni Mombasa. Mkutano wa mwaka 1928 ulioiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika katika mji huo, yaani nyumbani kwa Kimvita, lahaja iliyoshindwa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipewa kazi ya kusanifisha maandishi, kukagua vitabu na kuwahimiza waandishi. Kwa muda mrefu Kamati hii ilihamahama: kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, Mombasa mwaka 1962, na hatimaye Dar es Salaam tena, ambako mwaka 1964 ilizaliwa upya kama taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu.

Kipindi cha Makerere ndicho kinachoihusu zaidi pwani ya kusini. Hapo ndipo Kamati ilipoanza kuzitazama lahaja kama mali ya kuhifadhiwa, baada ya kuzitazama kwa zaidi ya miaka ishirini kama tatizo la kuondolewa. W. H. Whiteley alitoa maelezo ya Kimtang'ata mwaka 1956. H. E. Lambert, aliyekuwa mtawala wa wilaya katika serikali ya kikoloni ya Kenya kabla ya kuwa mwanaisimu, alitoa maelezo ya Kivumba mwaka 1957, na ya Chichifundi mwaka 1958. Kivumba ni lahaja ya Vanga na Wasini. Chichifundi ni ya Funzi, Shirazi, Bodo na Mkwiro. Msemaji wa lahaja hii ya pili huitambulisha kwa jina lake tu, kwa kuwa pale Kiswahili Sanifu kinapoweka ki- yeye huweka chi-.

Thamani ya vijitabu hivyo haina shaka, na hakuna mtaalamu wa lahaja za kusini anayeweza kuvipita. Lakini viliandikwa kwa Kiingereza, na kuchapishwa Kampala, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Vanga. Mzee wa Wasini aliyetoa mifano ya sentensi hakuwa msomaji aliyekusudiwa. Katika istilahi za fasihi simulizi, fanani aligeuzwa mtoa habari, na hadhira yake ikabadilishwa bila yeye kuulizwa.

Miongo iliyofuata iliukuza mtindo huo badala ya kuurekebisha. Luther Gerlach aliandika tasnifu juu ya jamii ya Wadigo, akaiwasilisha London mwaka 1960. Thomas Spear aliwasilisha yake juu ya makaya ya Mijikenda huko Wisconsin mwaka 1974. William McKay akaandika historia ya pwani ya kusini kabla ya ukoloni, akaiwasilisha Boston mwaka 1975. David Sperling akachunguza kuenea kwa Uislamu miongoni mwa Mijikenda, akaiwasilisha London mwaka 1988. Ni haki kukiri kwamba Spear alikirudisha kitabu chake nyumbani, kwani kilichapishwa Nairobi mwaka 1978. Hata hivyo kilirudi kwa Kiingereza.

Hali ya mambo ya kale ni ya kushangaza zaidi. Mwaka 1966 Robert Soper, wa taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia iliyokuwa Nairobi, alichimba karibu na mji wa Kwale na kupata vyungu vya wakulima wa kwanza wafua chuma, vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo, popote vinapoonekana, hata kusini sana hadi Msumbiji, huitwa kwa jina la Kwale. Yamkini hakuna mji mdogo wa Kenya ambao jina lake limetajwa mara nyingi zaidi katika majarida ya akiolojia.

Je, palikuwa na njia nyingine? Ilikuwapo, na vyuo vikuu vyenyewe viliijua. Mwaka 1965 Makerere ilianzisha tamthilia ya kusafiri, ikapeleka michezo vijijini bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika. Mwaka 1968 Okot p'Bitek, akifanya kazi Kisumu katika idara ya elimu ya nje ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha tamasha la sanaa katika mji huo. Mwaka 1977 walimu wa chuo hichohicho walishirikiana na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kutunga na kuigiza mchezo kwa Kikikuyu; wanakijiji waliyasahihisha maneno ya waandishi, na hapo hadhira ikapata tena haki yake ya kukatiza. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka huohuo. Mwaka 1982 jukwaa la kijiji lilibomolewa. Baada ya hapo mtafiti mwenye busara ya woga aliona ni salama kuandika makala ya jarida kuliko kukusanya watu chini ya mwembe.

Mfano ulio wazi zaidi wa gharama ya ukimya huo ni mjadala wa Shungwaya. Wazee wa Mijikenda, Wadigo wakiwamo, husimulia kwamba mababu zao walitoka Shungwaya, kaskazini, wakashuka pwani na kujenga makaya. Mwaka 1972 R. F. Morton alidai kwamba masimulizi hayo hayana umri mkubwa, na kwamba yalipata nguvu mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye. Spear aliyatetea. Martin Walsh aliupima ushahidi wote mwaka 1992. Na mwaka uliofuata Justin Willis alieleza namna jina lenyewe la Mijikenda lilivyojengeka katika siasa na kazi za Mombasa wakati wa ukoloni.

Mhakiki wa fasihi akiusoma mjadala huu anatambua mara moja kwamba wanahistoria, kwa njia ndefu ya nyaraka, walifika mahali ambapo fani yake ingeanzia: kisa hubadilika kulingana na anayesikiliza. Mzee anayemsimulia mjukuu, mzee anayemsimulia mkuu wa wilaya anayegawa ardhi, na mzee anayemsimulia mtafiti mwenye kinasa sauti, hao ni mafanani watatu japo ni mtu mmoja. Badiliko hilo halimfanyi kuwa mwongo. Kosa la mjadala lilikuwa kwamba uliendeshwa kwa zaidi ya miaka ishirini mbali na yule ambaye jina na shamba lake vilikuwa vikijadiliwa.

Wala halikuwa jambo la nadharia tupu. Swali la nani alitangulia pwani ndilo swali la nani anamiliki ardhi, na ardhi ya Diani ilikuwa imekwisha kuwa na bei ya hoteli. Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na ghasia zikaenea kusini hadi Ukunda na Diani. Watu wa bara waliuawa au kufukuzwa kama wageni. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikia habari za vijana waliokula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo. Kwa wasomaji wengi wa magazeti, hapo ndipo neno kaya lilipopata maana yake ya kwanza. Utafiti wa miaka thelathini haukuwa na sauti ya hadhara iliyoweza kueleza kwamba kaya ni makaburi, ni baraza la ngambi, ni historia, na kwamba siasa ya uchaguzi ilikuwa imeazima msitu huo kwa kazi yake yenyewe.

Badiliko lilikuja kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 1992 serikali ilianza kutangaza makaya kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Kilichowaleta wataalamu ni mimea, si masimulizi. Wanabotania ndio waliogundua kwamba msitu umesalia kwa sababu ya mwiko, na kwamba hawawezi kuhifadhi mti pasipo kumsikiliza mzee. Ni fedheha kidogo kwa idara za fasihi kwamba somo hili walilitoa wenzao wa sayansi. Mwaka 2004 ilichapishwa kamusi ya Mgombato, ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, ambayo Mdigo aliyesoma shule ya msingi anaweza kuifungua na kuipinga. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya katika orodha ya urithi wa dunia, Kaya Kinondo ya Diani ikiwamo, na mwaka 2009 mila zake zikatajwa kuwa zinahitaji kuokolewa kwa haraka.

Kinondo kwenyewe, tangu mwaka 2001, wenyeji hupokea wageni na kuwatembeza. Mpango huo haukutungwa na chuo kikuu chochote, ingawa unafanya kazi ambayo vituo vya vyuo vikuu huiita shughuli za hadhara. Una wasimulizi, una njia iliyopangwa, na mapato yake huwarudia wanakijiji. Unaweza kulaumiwa kwamba kisa kinachosimuliwa kila siku kwa watalii hukauka, na lawama hiyo ina uzito. Lakini masharti ya kusikiliza huwekwa na mwenye kisa. Mgeni hujifunga kaniki nyeusi kabla ya kuingia, hang'oi jani wala haokoti kijiti, na kuna sehemu za msitu asizoonyeshwa. Mwenye shahada ya uzamifu hujifunga kaniki hiyohiyo, na maswali yake husubiri hadi mzee atakapomaliza.