Ufugaji wa Samaki wa Kifamilia, Mlima Meru
Ni kazi ya kulea samaki, aghalabu perege, katika mabwawa madogo yachimbwayo kando ya migomba kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya jiji la Arusha, na kupata maji yake kwa mifereji. Katika Tanganyika, majaribio ya ufugaji wa perege yalianza mwaka 1949, Korogwe na Malya. Mfugaji hurutubisha maji kwa samadi, kisha hutumbukiza mkono hadi kiwiko: kiganja kisipoonekana kwa ukijani, chakula cha asili kimetosha. Baridi ya mlimani, ambayo kwa rai yetu ndiyo adha kubwa, hudumaza perege; walakini familia haikosi kitoweo, na tope la bwawa hurutubisha bustani ya mboga.